Ndoo Nne za Mukimo

Sufuria ya kwanza kutoka nyumbani kwangu ilikuwa ile ya githeri ya Jumapili. Ya pili ilikuwa ya kuchemshia watoto maji ya kuoga. Kisha ukafuata mtungi wa gesi wa kilo 13, chupa mbili za chai, meza ya sebuleni, na mwiko wa mti ambao mama yangu alinipa nilipoolewa. Hakuna aliyeviiba. Nilivitoa mwenyewe, vingine kwa mkokoteni, vingine kwa bodaboda, kutoka kwetu pembezoni mwa Karatina hadi chumba cha mabati karibu na soko, ambako mimi na rafiki yangu tulifungua hoteli mwezi wa Februari 2022.

Huku kwetu ukisema hoteli humaanishi mahali pa kulala. Ni chumba chenye mabenchi na meza zilizofunikwa kwa karatasi ya nailoni, jiko nyuma ya pazia, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki: chai, mandazi, nduma, githeri, matumbo, chapati madondo. Mtu huingia na njaa akatoka akijifuta midomo. Basi.

Huyo rafiki yangu nilimjua kidato cha kwanza, shule ya bweni. Alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Kijiko changu kilipopotea tulikula kwa kijiko chake muhula mzima, akimeza yeye kisha mimi. Alinisimamia harusini. Alipojifungua mtoto wake wa pili, mimi ndiye niliyekaa naye usiku ule mume wake akiwa safarini. Mtu kama huyo unamwambiaje mketi muandikishane? Niliona ni kumtusi. Naye, alikuja kuniambia baadaye, aliona vivyo hivyo kwangu.

Mimi nilikuwa mpishi wa shule. Shule zote nchini zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, mshahara ulikatika, na zilipofunguliwa Januari 2021 wapishi wachache tu ndio walioitwa kurudi. Sikuwemo. Yeye alikuwa akisukuma chapati mlangoni kwake na kuziuza kwa majirani. Siku moja baada ya kanisa alikaa jikoni kwangu, akavua viatu kama kawaida yake, akasema, "Mwenzangu, wewe umepikia watoto mia nne. Mimi nasukuma chapati mia kwa siku. Tunangoja nini?" Akanikumbusha kuwa hata mikahawa ya Java iliyojaa kila pembe ya Nairobi ilianzishwa na watu wawili, Kevin Ashley na Jon Wagner, kwa duka moja tu pale Adams Arcade mwaka wa 1999. Baba Watoto alikuwa mlangoni akisikiliza. Aliuliza swali moja: "Hela zitaingia kwenye simu ya nani?" Hakuna aliyemjibu. Nilimmiminia chai.

Kila mmoja alitoa Sh60,000. Zangu zilikuwa zamu yangu ya chama pamoja na akiba kidogo. Yeye aliuza mtamba. Kodi ilikuwa Sh12,000 kwa mwezi, tukalipa miezi miwili mbele, na aliyekuwa akitoka kwenye chumba kile akadai gudwili ya Sh30,000, kwa sababu, alisema, anatuachia wateja. Kabla hatujapika hata kikombe kimoja cha chai, karibu nusu ya mtaji ilikuwa imekwenda.

Karatasi zilitupeleka Nyeri mjini: leseni ya kaunti, na cheti cha afya ambacho kila anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa awe nacho, akapimwe upya kila baada ya miezi sita. Tulipomaliza tulikuwa na saa moja ya kungoja matatu, na rafiki yangu, ambaye shuleni alikuwa skauti wa kike, akataka kuliona kaburi la Baden-Powell. Mwanzilishi huyo wa skauti alimalizia maisha yake hapa Nyeri, katika nyumba ndogo ya Paxtu iliyo ndani ya uwanja wa Outspan, hoteli ya rafiki yake Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Alifariki Januari 1941. Jiwe la kaburi lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya njiani, inayosema: nimekwenda nyumbani. Rafiki yangu aliigusa kwa kidole. "Unaona?" akasema. "Urafiki na hoteli vinaweza kukaa uwanja mmoja." Nilikubali kwa moyo wote. Sikufikiri kwamba wazee wale hawakuwa wakigawana jiko moja na sanduku moja la hela.

Jioni hiyo tuliketi sakafuni na sufuria zetu zote, zake na zangu, na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Chini ya kila sufuria yangu nilichora mstari. Yeye akachora duara lenye nukta. Hayo ndiyo maandishi pekee ya ubia wetu.

Nataka kusema wazi kwamba mwanzo ulikuwa mzuri. Karatina ni mji wa kulisha watu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kupelekewa wanajeshi, na hadi leo siku za soko malori ya kabichi, karoti na viazi huanza kuingia kabla ya jogoo wa kwanza. Tuliamka saa tisa usiku. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka mlimani ukakaa juu ya barabara hata taa za lori zinaonekana kama mishumaa. Makuli walikuja mikono ikiwa na udongo mweusi wa viazi, wakashika bilauri ya uji kwa viganja vyote viwili bila kunywa kwanza, wapate joto. Kina mama wa vitunguu walikula nduma kwa chai wakiwa wamesimama ili wasipoteze mahali pao sokoni. Alfajiri moja mzee mmoja alimaliza mukimo wake, akakwangua sahani, akaniambia kwa Kikuyu kwamba hajala mukimo wa kahurura kama ule tangu mamake afe. Nililia nyuma ya pazia.

Mukimo wetu ulikuwa wa Nyeri: viazi, mahindi yaliyochemshwa tangu jana yake, na majani ya kahurura au thabai yanayoupa rangi ile ya kijani. Viazi vikiiva unamwaga maji, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuacha maji kidogo ili kuponda kuwe rahisi. Ukiacha maji, mukimo unalegea na haudumu. Unaponda kukiwa bado na moto, mwiko ukishuka wima, na unapogeuka rangi moja toka chini hadi juu ndipo unaacha. Mwiko wa mama yangu ulikuwa mzito wa kutosha kwa kazi hiyo.

Nyumbani mambo yalianza kuharibika polepole. Baba Watoto alirudi kutoka kazini akitaka kupasha chakula, gesi haipo, iko hotelini. Akawasha kuni chini ya mvua, moshi ukaingia chumba cha watoto. Hakusema neno. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya tatu alileta jiko dogo la makaa na kuliweka mlangoni. Watoto waliacha kula chakula cha kwetu. Walikula kilichobaki hotelini: chapati za jana, madondo ya jana, mara nyingine supu. Kitinda mimba alikuwa akiuliza, "Leo kumebaki nini?" kabla hajanisalimia. Jiko la hoteli lilipokuwa dogo tulisafishia matumbo kwangu, kwenye karai nyuma ya nyumba, na harufu iliingia kwenye mapazia, kwenye viti, hata kwenye sare za shule. Binti yangu wa kidato cha pili aliambiwa na mwenzake darasani kwamba ananuka. Hakuniambia mimi. Alimwambia babake.

Hotelini nako, namba ya tili ya M-Pesa ilikuwa imesajiliwa kwa simu ya rafiki yangu, kwa sababu siku ile ya kusajili mimi nilikuwa nikinunua viazi. Pesa taslimu zilikaa kwenye kopo la siagi, nalo lilikuwa upande wangu. Yeye aliandika daftari la madeni ya wateja. Mimi niliandika la manunuzi. Madaftari hayo mawili hayakuwahi kufunguliwa siku moja mezani pamoja. Matanboi wa lori la kaka yake walikula wakisema, "Andika." Wanawake wa kikundi cha kanisa cha mama mkwe wangu walikunywa chai wakaondoka bila kuandikwa, maana nitamdaije mama mkwe? Kila mmoja aliona ya mwenzake. Hakuna aliyeyataja.

Kuna methali ya wafanyabiashara wa Kiswahili tangu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na madaftari mawili na habari haikutufikia.

Halafu ikaja ile ruracio, sherehe ya mahari.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, kijiji kimoja cha Mathira. Familia ya binti ilitaka chakula cha watu 150: wali, mchuzi wa nyama, kachumbari, na mukimo. Walikubali Sh30,000, wakatoa nusu mbele. Ilikuwa oda yetu kubwa kuliko zote, na tuliamini ndiyo itakayolipa kodi tuliyokuwa tumechelewesha. Hotelini hapakutosha, kwa hiyo tulipika kwangu. Usiku wa Ijumaa watoto walilala kwa jirani. Uwanjani palikuwa na mafiga matatu ya moto, na Baba Watoto, nitamshukuru daima, alikata kuni hadi saa sita usiku ingawa alikuwa hajasema nami vizuri kwa wiki nzima.

Tulimaliza kuponda saa tisa na nusu usiku. Mukimo ulikuwa moto wa kuunguza. Rafiki yangu alikuwa amepata ndoo nne za plastiki za lita 20 zenye vifuniko. Tulipakia tukasawazisha kwa mwiko, tukafunika kwa kukandamiza kila kifuniko hadi kikalia, tukaziweka ndoo pembeni mwa jiko zisipoe. Tulifikiri tunaulinda. Kumbe mukimo mzito uliofungiwa na mvuke wake hubaki vuguvugu saa nyingi, na ni katika vuguvugu hilo, kati ya nyuzijoto 5 na 60, ndipo vijidudu vinapozaliana kwa kasi. Chakula cha kungojea wageni ama kinabaki motoni, ama kinatandazwa kwenye sinia pana kipoe upesi. Mimi nilipika shuleni miaka tisa. Nilijua. Usiku ule nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nikitazama mikono ya rafiki yangu ikifunga vifuniko, na nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tumeshagombana mara mbili tangu magharibi na sikutaka ya tatu.

Saa saba mchana, wazee wakiwa wameshakaa na mazungumzo yamekwenda vizuri, tulifungua ndoo ya kwanza. Kifuniko kilitoa sauti kama pumzi. Harufu ilinifikia kabla sijainama. Juu ulikuwa bado na rangi nzuri. Nilipotia mwiko ukavutika nyuzi. Ndoo ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu. Ya nne. Rafiki yangu alinitazama, nami nikamtazama, na sijui ni nani aliyeanza kusema, lakini tulisemeana pale nyuma ya nyumba ya watu, mbele ya wasichana waliokuja kubeba sinia, maneno ambayo hatukuwahi kusemeana tangu tukiwa na miaka 14. Ni wewe uliyefunga. Ni wewe uliyejua ukanyamaza. Na pesa za tili ziko wapi? Na za kopo?

Wageni walikula wali na mchuzi. Ruracio ya kwetu bila mukimo ni aibu ya mwenye nyumba, si ya mpishi, na jambo hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Mama wa binti alikuja mwenyewe, hakupaza sauti, akasema Sh15,000 zilizobaki hatatoa. Alikuwa na haki. Tulirudi tumekaa nyuma ya pikapu na ndoo zetu nne, kila mmoja akitazama upande wake wa barabara. Mukimo tuliumwaga shimoni. Baba Watoto aliufukia kwa jembe usiku, nguruwe wa jirani wasiufikie.

Baada ya hapo hoteli iliendelea kwa miezi miwili kama mgonjwa anayelishwa kwa kijiko. Kodi ilipofika miezi mitatu, mwenye chumba alipiga kufuli, vyombo vyote vikiwa ndani. Kisha akaja kwangu, akamkuta Baba Watoto, akamdai. Nilishangaa. Nilidhani angekwenda kwa mwenzangu, maana ndiye aliyekuwa akimlipa. Mpwa wangu anayesomea sheria akanieleza kwamba Sheria ya Ubia ya Kenya ya mwaka wa 2012 haingoji karatasi. Watu wakifanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida ni wabia, na anayewadai anaweza kumfuata yeyote kati yao. Siku ile tulipochora sufuria zetu kwa rangi ya kucha tulikuwa tumeshafunga mkataba. Hatukujua tu.

Mama yangu ndiye aliyekata shauri. Alimpigia simu mama yake rafiki yangu, wakapanga Jumapili, wakatuita. Tuliketi kwenye majani nje ya nyumba yangu: wale mama zetu wawili, Baba Watoto, rafiki yangu na mimi. Binti yangu wa kidato cha pili akapewa madaftari yote mawili na kikokotoo. Rafiki yangu aliweka mbele yetu taarifa ya M-Pesa ya miezi tisa, aliyokuwa ameipiga chapa bila kuombwa. Nilipoiona karatasi ile mikononi mwake, hasira yangu ilianza kuyeyuka.

Msichana alisoma kwa sauti. Katika tili alikuta Sh9,000 zilizotoka kwa ajili ya dawa za presha za mama yake rafiki yangu, yule yule aliyekuwa ameketi pale. Bibi wa watu aliinamisha kichwa. Alipofika kwenye kopo la siagi ilibidi nijisemee mwenyewe: nilichukua Sh7,500 za karo. Ya huyo huyo aliyekuwa akisoma. Aliandika bila kuinua macho.

Akahesabu chapati. Tulifungua mwezi uleule vita vya Ukraine vilipoanza, na bei ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia ilipanda mwaka wote. Unga kilo mbili Sh210, mafuta nusu lita Sh155, makaa Sh50. Jumla Sh415 kwa chapati 24. Tuliziuza Sh20, zikaleta Sh480. Sh65 ndizo zilizobaki, na msaidizi alikuwa bado hajalipwa. Tuliogopa kupandisha bei kwa sababu makuli wale nao walikuwa na hali ngumu. Sijuti hilo.

Kisha akauliza swali ambalo sisi watu wazima hatukuwa tumeuliza. "Na chakula mlichokuwa mkileta nyumbani kiliandikwa wapi?" Kimya. Akamwita mdogo wake aliyekuwa akicheza, akamuuliza wamekuwa wakila nini. Mtoto akataja kwa vidole: chapati sita, madondo, githeri ya bakuli, mandazi ya asubuhi. Rafiki yangu akasema kwake ni vivyo hivyo, labda na zaidi. Kwa bei ya ubao ilikuwa kama Sh400 kwa kila nyumba kwa siku. Nyumba mbili, siku 26: Sh20,800 kwa mwezi. Kodi ilikuwa Sh12,000.

Hakuna aliyeiba. Miezi tisa tulikuwa tukimtafuta mwizi kila mmoja usoni mwa mwenzake, na kodi ilikuwa ikiliwa na watoto wetu wenyewe, kwa sahani, tukiwaangalia kwa furaha. Mama yangu alisema maneno machache tu. "Nyumba haitunzwi kwa jungu la duka, wala duka kwa jungu la nyumba." Kisha akamshika mkono mama wa mwenzangu, wakainuka kwenda kutazama mahindi yangu.

Kodi tuliigawa nusu kwa nusu, akauza mbuzi, nami nikakopa chama. Mwenye chumba alipofungua kufuli tulizipanga sufuria kwenye majani zikiwa kifudifudi. Moshi ulikuwa umeifunika rangi ya kucha, ikabidi tusugue kwa majivu moja baada ya nyingine. Mstari, nikaweka kwangu. Duara na nukta, akaweka kwake. "Zinakwenda nyumbani," akasema, na hapo ndipo tulipokumbatiana.

Moja ilibaki katikati, ile kubwa ya ruracio tuliyoinunua pamoja. Haikuwa na alama. Duka la unga lilikuwa likitudai Sh14,700, kwa hiyo tuliamua ikodishwe kwa watu wa harusi na matanga, Sh300 kwa siku, na hela yote iende dukani. Ilikodishwa mara 49, na deni likaisha Machi 2024. Sasa inakaa kwake mwezi mmoja na kwangu mwezi unaofuata. Daftari lake ni moja, na linaandikwa na binti yangu.